Kenya: Kodi Iliyozidi ni Haki ya Mwenye Jasho

Katika nchi jirani ya Kenya kodi ya mshahara hukatwa na mwajiri kabla fedha hazijamfikia mfanyakazi. Mwezi wa Aprili 2020 serikali ya nchi hiyo ilipandisha nafuu ya kodi hadi shilingi 2,400 kwa mwezi, hata mwenye kipato cha shilingi 24,000 akawa halipi kitu.

Lakini makato ya mwezi hayaijui hesabu ya mwaka mzima. Tuseme mlinzi wa usiku mjini Nairobi alikuwa na kipato cha kutozwa kodi cha shilingi 30,000 kwa mwezi katika mwaka 2022. Kila mwezi alikatwa shilingi 1,500. Kazi ikakoma baada ya miezi 8, akiwa amepata shilingi 240,000 tu, kiasi kisichofikia 288,000 za kutozwa kodi kwa mwaka. Basi shilingi 12,000 alizokatwa ni zake.

Hata hivyo, fedha hizo hazirudi zenyewe. Sharti apate hati ya P9 kwa mwajiri, apeleke taarifa ya mapato kwa Mamlaka ya Mapato kabla ya Juni 30 ya mwaka unaofuata kupita, kisha adai marejesho ndani ya miaka 5. Asiyepeleka taarifa hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000. Hivyo mnyonge asiyeijua sheria hupoteza mara mbili.

Kodi ndiyo inayomlisha askari na kumvika. Raia huitoa kwa moyo mkunjufu pale tu anapoona kwamba serikali inayodai haki yake hairuki haki ya mnyonge.