Tajiri, Bepari, Mchuuzi: Majina ya Wafanyabiashara Wetu

(Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti katika kikao na wafanyabiashara wa soko)



Kabla hatujafika kwenye ajenda ya vibali, nitasema kidogo kuhusu majina.

Neno tajiri sote tunalijua. Ukiitwa tajiri leo, watu wanaona una mali. Kibarua naye humwita tajiri yule anayemlipa. Lakini neno lilitoka katika Kiarabu, na huko tajir ni mtu anayenunua na kuuza, basi. Haliulizi ana kiasi gani mfukoni. Kwetu, jina la kazi likageuka kuwa jina la mali.

Bepari nalo lilitoka Bara Hindi. Kwa Kigujarati, vepari ni mfanyabiashara. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice, aliiita Mabepari wa Venisi, ikachapishwa mwaka wa 1969. Miaka miwili kabla yake, Azimio la Arusha lilikuwa limeutaja ubepari pamoja na unyonyaji. Leo ukimwita mwenye duka bepari, umemtukana.

Tuje kwa mchuuzi. Kuchuuza ni kuuza bidhaa kidogo kidogo. Hakuna tusi hapo. Ila masikioni mwa wengi, mchuuzi amekuwa mtu wa kufukuzwa barabarani.

Ndugu zangu, jina hubeba jinsi tunavyomtendea mtu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti masoko na leseni za biashara. Haikusema mwenye duka la jumla ahudumiwe kwanza, na anayepanga sukuma wiki juu ya gunia asubiri. Kwa maana ile ya kwanza ya neno, wote wawili ni matajiri.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa kaunti: tukimwendea mama mboga, tumsalimie kwanza, kisha tumweleze anadaiwa nini na kwa nini. Nanyi wafanyabiashara, mkilipa ushuru daini risiti, na njia ya wapita kwa miguu muiache wazi. Heshima ni nipe nikupe.

Sasa tuingie kwenye vibali; mwenye swali ainue mkono.