Dawa Zikianza Tena, Kwa Nini Mgonjwa Anazidi?

(Mazungumzo na wanamemba, Luberizi)

Mulituomba tuseme juu ya neno linalosumbua wenzetu waliorudi. Mtu alikuwa anakunywa dawa za SIDA kule Nyarugusu ao Burundi, safari ikamukatia dawa. Amefika hapa, ameanza tena. Majuma mawili, matatu: homa inapanda, shingo inavimba, kikohozi. Jirani wanasema, «Dawa inamuua.» Anaacha. Wengine tumewazika.

Tuanze na damu. Kati ya chembe nyeupe kuna zile zinaitwa seli T. Herufi hiyo inatoka kwa timusi, tezi ndogo nyuma ya mfupa wa kifua, mahali zinakomalia. Haziko za namna moja. CD4 njo makomanda: kazi yao kubwa ni kutoa amri. CD8 njo wauaji. Zinatafuta seli ya mwili ambayo virusi vimekwisha kuingia, zinaiangusha. Tena kuna zile za kutuliza. Adui akipungua, zinasema basi, inatosha. Bila hizo mwili unajipiga wenyewe. (Sisi watu wa huku hatuhitaji kuelezwa askari asiyezuiwa anafanya nini kwa raia.) Mwaka 2025 Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya hizo za kutuliza.

Virusi vya SIDA vinaingia ndani ya makomanda wenyewe. Mtu mzima mwenye afya ana CD4 500 na zaidi katika milimita moja ya ujazo ya damu. Zikishuka chini ya 200, mlango uko wazi. Hapo kijidudu cha kifua kikuu kinaweza kukaa mwilini karibu bila kelele, kwani homa na uvimbe mara nyingi ni kelele ya vita, na bila amri hakuna vita.

Sasa dawa zinarudi. Virusi vinashuka mbio, CD4 zinapanda, zinamukuta yule mgeni aliyejificha, zinapiga. Mizani kati ya kupiga na kutuliza haijarudi sawa, kwa hiyo zinapiga kupita kipimo.

Homa ile basi si sumu ya dawa. Lakini mtu asikae nyumbani kuvumilia, hapana! Aende kwa muganga siku ile ile: inaweza kuwa kifua kikuu ambacho hakijapimwa, na kile kina dawa zake. Kwa kawaida dawa za SIDA haziachwi; muganga anaweza kuongeza dawa ya kushusha uvimbe. Kichwa kikiuma sana na shingo ikikaza, ni haraka zaidi. Ugonjwa ukiwa kwenye ubongo, pengine muganga atangoja majuma kadhaa mbele ya kuanzisha dawa za SIDA, kwani ndani ya fuvu hakuna nafasi ya kuvimba.

Njo maana anayerudi aseme ukweli: alikunywa dawa gani, aliacha lini. Kama fishi ilipotea njiani, aseme hata rangi ya kidonge. Tunajua haya inafunga midomo, zaidi kama anayepima ni mtoto wa shemeji.

Kwa chama tunaomba jambo moja. Kasa isaidie pesa ya pikipiki kwa kila anayeanza tena dawa, miezi mitatu ya kwanza. Mama wa kasa apewe hesabu ya watu tu, jina lisitajwe mkutanoni.