AMANI HAILETWI NA VIGOGO! Vijana, jifunzeni kwa akina mama wa Wajir

(Hotuba kwa vijana wa Mtumba, Dodoma)



Nina swali moja tu: mapigano yakizuka, nani huyamaliza? Hapa Mtumba mnayaona majengo ya Mji wa Serikali, mkadhani amani inatengenezwa humo na waheshimiwa wenye magari ya vioo vyeusi. Mnajidanganya.

Twendeni Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya. Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka Somalia, bunduki zikamwagika mpakani. Ukaja ukame, mifugo ikafa. Ukaja uchaguzi wa vyama vingi wa 1992, uhasama ukazidi. Ukoo ukageukia ukoo, watu wakauana.

Usiku mmoja mwanamke aitwaye Dekha Ibrahim Abdi alijificha uvunguni mwa kitanda na mwanawe wa kwanza, risasi zikikatiza chumbani. Mama yake mzazi akamkumbusha kwamba mwaka 1966 naye alimficha Dekha vivyo hivyo. Kizazi cha pili uvunguni! Je, na mjukuu?

Dekha na wenzake wachache wa koo mbalimbali hawakusubiri tume. Walianzia sokoni. Wakakubaliana kwamba mwanamke wa ukoo wowote auze na anunue bila kubughudhiwa, wakaunda kamati ya kusimamia hilo. Soko lilipotulia wakawaendea wazee. Hapo walitumia akili: walimtanguliza mzee kutoka ukoo mdogo kuliko zote, ambao haukumtisha mtu. Mwaka 1993 wazee wakapitisha Azimio la Al-Fatah.

Sasa sikilizeni linalowahusu ninyi. Kulikuwa na vijana porini wenye silaha. Hoja yao ilikuwa ya tumbo: tukiweka bunduki chini, tutakula nini? Wafanyabiashara wakaombwa wawape kazi. Huo ndio msaada kwa walioumizwa na vita, siyo kilo mbili za unga na picha gazetini. Mwaka 2007 Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood. Alifariki mwaka 2011 baada ya ajali ya gari, lakini njia yake imebaki.

Hata hapa kwetu somo lipo. Mazungumzo ya Burundi yalianza Arusha mwaka 1998 chini ya Mwalimu Nyerere. Wanaume wa vyama wakakaa mezani, wanawake wakaachwa mlangoni. Julai 2000 wanawake wa pande zote walikutana Arusha, wakamkabidhi Mandela madai yao: ardhi, elimu, wakimbizi kurudi salama, wabakaji wasisamehewe. Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Agosti mwaka huo, na mengi ya madai yao yalikuwamo.

Kwa nini nayasema haya Dodoma? Kwa sababu baada ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 kuna mama wa Kitanzania aliyezika mwanawe. Wakubwa wanatuimbia amani na utulivu. Amani bila haki ni ukimya tu, na ukimya wa makaburini hatuutaki!

Lakini tusiwanyooshee wengine kidole, sisi tukajisahau. Ndani ya upinzani, mwanamke ana nafasi gani? Kupiga vigelegele na kupika mkutanoni? Kikao cha maamuzi kikianza, wangapi wanabaki ndani?

Nawaomba mambo matatu. Mosi, anayekupa elfu kumi ukampige jirani yako, muulize mwanawe yuko wapi siku hiyo. Pili, kila tawi lichange kidogo kidogo kwa familia zilizofiwa, bila kuuliza kadi ya chama, na akina mama washike mfuko huo. Tatu, wakae mezani, siyo jikoni.

Wanawake wa Wajir hawakuwa na jeshi wala ruzuku. Walikuwa na soko na msimamo. Ninyi mna nguvu na mna idadi. Kisingizio chenu ni kipi?