Barabara tunaitaka, lakini ipite wapi?

 

Mtu akiuliza barabara mpya ya bisi itapita wapi, wanamjibu: "Wewe unakataa maendeleo." Hapa Dilolo hakuna mwenye anakataa barabara. Wakati wa mvua tunaona mihogo inaoza shambani, na mgonjwa anapelekwa kwa kinga mu matope. Swali letu ni moja tu: ipite wapi?

Nyinyi wenye mulirudi toka Angola na Zambia munalijua hili swali. Mulipofika, chefu aliwaonyesha pa kulima, mukaanza. Karatasi hakuna. Mpimaji akifungua ramani yake, pale anaona pori tupu, na kwenye pori tupu ni rahisi kuchora mstari. Haoni mizinga ya nyuki, haoni mahali pa kuokota uyoga, haoni shamba lenye linapumzika, wala makaburi.

Nawaletea mfano wa Serengeti, Tanzania. Mwaka 2010 Leta ya kule ilitaka barabara ya lami toka upande wa Musoma mpaka Arusha. Kipande cha kilometa 53 hivi kingekata kaskazini ya hifadhi, pale nyumbu zaidi ya milioni moja, wale nyama wa pori, wanapita kila mwaka kuenda Maasai Mara kule Kenya na kurudi. Vijiji vya kandokando vilihitaji bisi, na haki ilikuwa yao. Wenye kupinga hawakusema vibaki mu matope. Walisema: kuna njia ya kusini, inazunguka hifadhi, na kule watu ni wengi zaidi.

Desemba 2010 shirika moja la Nairobi, Africa Network for Animal Welfare, lilipeleka kesi kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Tarehe 20 Juni 2014 majaji walikataza ile barabara ya lami isikate hifadhi.

Nini iliwasaidia? Walisimama mapema, mbele ya katapila kufika. Tena walikuja na njia nyingine mkononi.

Hii inatuhusu. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo ile mahakama ni yetu pia. Mkaaji wa nchi anaweza kushitaki pale, lakini ndani ya miezi miwili tu tangu uamuzi, au tangu alipoujua. Tukikaa miezi mitatu tukilalamika chini ya mwembe, mlango umefungwa.

Na nyumbani kwetu sheria ziko. Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inalinda mali yenye mtu alipata kwa sheria ao kwa desturi, na inasema malipo yawe ya haki na yatangulie. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inadai uchunguzi ufanywe mbele ya kazi kubwa kuanza. Lakini sheria haitembei yenyewe. Inahitaji ushahidi.

Siku hizi maneno ya Lobito ni mengi: reli, barabara, malori ya shaba. Tusingoje vigingi vipigwe mu mashamba. Kila kijiji kichague watu watano, wamama wakiwemo, kwa sababu wao ndio wanajua chemchemi na pori. Watembee, waandike: shamba la nani, tangu mwaka gani, mipaka gani, makaburi wapi. Chefu atie sahihi. Kopi moja iende kwenye ofisi ya teritware, na muwaombe wapige muhuri wa kupokea kwenye ile yenye inabaki kwenu. Kisha tuonyeshe wenyewe pale barabara inaweza kupita bila kufukuza mtu.

Kwa wafadhili wetu: pesa tunayoomba ni ya madaftari, mafuta ya pikipiki na mwanasheria wa kusoma makaratasi pamoja nasi.

Wandugu, wengi wenu mulishafukuzwa mara moja. Safari hii majina yenu yawe yameandikwa kabla ya ule mstari.