Sauti ya mwanao, lakini si mwanao

 

Tuseme mama mmoja yuko bombani akisubiri maji. Simu inaita. Anasikia sauti ya mwanawe aliye mbali: "Mama, nimekamatwa, nitumie pesa haraka!" Sauti ni yake kabisa. Lakini je, ni yeye?

Siku hizi huwezi kuapa. Kuna programu za kompyuta zinazoweza kuiga sauti ya mtu baada ya kuisikia kwa muda mfupi tu. Hiyo ni kazi ya akili bandia inayotunga.

Akili bandia yenyewe si ngeni. Simu inayofunguka ikiona uso wa mwenyewe inaitumia. Hiyo ndiyo ya zamani: kazi yake ni kutambua na kupanga. Unaipa picha, inakuambia huyu ni fulani au siye. Basi.

Hii mpya inatengeneza kitu ambacho hakikuwepo: barua, picha, sauti, hata video. Wengi waliifahamu mwishoni mwa mwaka 2022, ChatGPT ilipotolewa. Imefundishwa kwa maandishi mengi mno, ikajifunza neno gani hufuata lipi. Ukiiuliza, inatunga jibu neno kwa neno. Inajua kusema vizuri, lakini kusema vizuri si kusema kweli. Ndiyo maana huweza kukosea kwa maneno matamu.

Faida inayo. Mwanafunzi anaweza kueleweshwa hesabu kwa lugha nyepesi. Wewe unaweza kusaidiwa kuandika barua. Lakini usiiandikie namba yako ya usajili wala habari za kesi yako ya ukimbizi.

Na ukiletewa barua yenye nembo ya UNHCR, ikisema umepata nafasi ya kwenda Kanada ila utume ada kwanza, usitume. Huduma za UNHCR ni bure, hata za kuhamishiwa nchi ya tatu. Ipeleke barua ofisini, uulize.

Na yule mama wa bombani? Akate simu, kisha apige namba ya mwanawe anayoijua siku zote. Au amuulize jambo wanalolijua wao wawili tu. Tapeli anataka uharakishe, nawe unajua: haraka haraka haina baraka.

Leo jioni, mwambie na jirani yako.