Nyumba Iliyoingiwa na Maji: Gharama Yake Humwangukia Nani?



Ndugu wapendwa, viongozi wa Halmashauri za Walei na wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, Kamisheni ya Haki na Amani imeniomba niseme juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkashangaa kulisikia kinywani mwa padre: gharama ya kuitengeneza nyumba baada ya mafuriko. Mngetazamia jambo hili lisemwe na fundi mwashi. Hata hivyo, Maandiko Matakatifu yamelikabidhi kwanza kwa kuhani.

Nilipokuwa seminarini tuliisoma sura ya 14 ya Kitabu cha Walawi, na nakiri kwamba tulicheka. Humo kuhani anaagizwa aende kwenye nyumba ya mtu kutazama madoa ya kijani na mekundu ukutani. Baada ya miaka mingi ya kuishi Dar es Salaam, sicheki tena. Tazameni utaratibu wenyewe. Kabla kuhani hajaingia, vitu vyote hutolewa nje ili visihesabiwe najisi pamoja na nyumba. Yaani sheria inakihurumia kwanza chungu na mkeka wa mwenye nyumba. Kisha nyumba hufungwa siku saba. Kuhani hurudi, hutazama tena, na doa likiwa limeenea, mawe yaliyoathirika hung'olewa, kuta hukwanguliwa, na ndipo udongo mpya hupakwa. Hakuna mahali popote kuhani anaporuhusiwa kupaka juu ya doa ili lisionekane.

Sisi tulifanya kinyume chake. Baada ya mafuriko ya Aprili 2018, Mto Msimbazi, ambao hushuka kutoka vilima vya Pugu ukapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani hadi baharini, uliwaingilia ndani waamini wetu wengi. Tulichanga kwa moyo mwema. Tulinunua saruji, tukaigawa mapema, na tukahimiza watu wapige lipu na kupaka rangi upesi ili watoto walale mahali pazuri. Ilipofika Agosti, mama mmoja, mpangaji wa chumba kimoja, alinijia baada ya Misa akaniambia, "Baba, ukuta wangu unatoa chumvi." Nilikwenda. Rangi ilikuwa imevimba kama ngozi iliyoungua, na lipu ilianguka nilipoigusa kwa kidole. Yule mama alikuwa amemlipa fundi nusu ya ujira kutoka mfukoni mwake. Zaidi ya hayo, mwenye nyumba alikuwa amempandishia kodi, akidai kwamba chumba sasa kimekarabatiwa.

Ndugu zangu, hesabu ya mama huyu ndiyo iliyonifundisha ninayoyasema leo.

Chukueni chumba cha kawaida cha futi kumi kwa kumi, maji yakiwa yamefika kiunoni. Eneo la ukuta lililolowa ni kama mita za mraba 11. Kwa lipu ya sentimita moja na nusu, kazi hiyo huhitaji kama mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 na matoroli matatu au manne ya mchanga. Basi! Ukiweka na ujira wa haki wa fundi na kibarua wake, bado haufiki mlima ambao watu wengi huuogopa. Mlima uko kwingine. Uko kwenye godoro ambalo halikauki tena, kwenye unga, sare za shule, cherehani, majiko na sufuria za mama lishe, na kwenye siku ambazo mtu hakwenda kazini kwa sababu alikuwa akichota tope. Uko hasa kwenye kodi: aliyekwisha kulipa miezi sita mbele kwa chumba kisichokalika, sasa anatafuta chumba kingine, na huko nako anadaiwa miezi sita, pamoja na ya dalali.

Ndiyo maana maskini hurudi upesi kwenye chumba kibichi, wala hafanyi hivyo kwa kukosa akili, maana kungoja ndiko kunakogharimu kuliko saruji.

Na ukuta hauharakishwi. Mafundi wa zamani walikuwa na kipimo chao, kwamba kila inchi moja ya unene wa ukuta hutaka mwezi mmoja wa kukauka. Tofali zetu za inchi sita, zikipata hewa pande zote mbili, zinaweza kutaka hata miezi mitatu. Masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na hewa ya mji wetu wakati huo imejaa unyevu kiasi kwamba hata nguo kwenye kamba hulala mbichi. Ukuta uliofungiwa lipu mpya katika hali hiyo hutafuta njia ya kutolea maji yake, na maji yanapotoka huisukuma chumvi mbele yake. Kuvu nayo haingoji. Huweza kuanza kuota kwenye vitu vilivyolowa katika muda wa siku moja au mbili. Kwa hiyo yatupasa tutoe vitu nje siku ile ile, tusiwashe umeme kabla fundi hajakagua, tubomoe lipu iliyolowa hadi futi moja juu ya alama ya maji, tuoshe kwa sabuni na klorini kwa kuwa maji hayo yamepita vyooni, kisha tuache madirisha wazi hadi upepo wa kusi ushike. Kabla ya kupiga lipu, bandika kipande cha nailoni ukutani usiku kucha. Ukikuta matone nyuma yake, ukuta bado. Na ukimaliza, chokaa ni bora kuliko rangi ya mafuta, kwa sababu huuacha ukuta upumue. Bei yake pia ni nafuu, jambo ambalo wauza rangi hawatawaambia.

Sasa tuje kwenye haki. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaweka miongoni mwa wajibu wa mpangishaji kwamba nyumba ikiharibika kwa ajali isiyotokana na uzembe wa mpangaji, kodi husimama kwa kadiri ya uharibifu, hadi nyumba ifae tena kukaliwa. Ni wangapi kati yetu tuliowahi kuwaeleza wapangaji jambo hili? Mama yule hakuwahi kulisikia, wala mimi wakati huo sikulijua. Wengine watasema, "Lakini alikubali mwenyewe kulipa." Baba Mtakatifu Leo wa 13, alipoandika Rerum Novarum mwaka 1891, alikwisha kulijibu hilo kuhusu mfanyakazi: anayekubali masharti magumu kwa kuogopa mabaya zaidi ameshurutishwa, hata kama ametia sahihi. Mpangaji mwenye watoto wanne na godoro lililolowa yuko katika hali hiyo hiyo.

Hata hivyo tusimfanye kila mwenye nyumba kuwa Farao. Wengi wao bondeni ni wajane na wastaafu wanaoishi kwa kodi ya vyumba viwili, na maji yaliingia kwao pia. Kwa hao Jumuiya iwakutanishe pande mbili, waandikiane: kodi isimame miezi mingapi, nani anunue saruji, na kwamba ukarabati wa mafuriko usiwe sababu ya kupandisha kodi mwaka huo. Wakishindwana, Baraza la Kata lipo kwa usuluhishi, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa uamuzi.

Najua pia swali lililo vichwani mwenu: kwa nini wanakaa bondeni? Baada ya mafuriko makubwa ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 mjini hapa, Serikali iliwapa baadhi viwanja Mabwepande. Wapo walioondoka, na wapo waliorudi, kwa kuwa riziki yao ilikuwa Kariakoo na nauli ilikuwa inakula mshahara. Swali hilo ni halali, lakini lisitumike kama kisingizio cha kumwacha mtu alale katika ukuta unaonuka kuvu.

Napendekeza basi kwamba mchango wetu wa masika ubadilike. Kabla ya mwezi Machi kila Jumuiya iandike majina ya kaya zinazokaa karibu na mto, na ionyeshe nani ni mpangaji na nani ni mwenye nyumba. Fedha tuzitumie kwanza kwa magodoro na kwa kodi ya chumba cha muda, walau mwezi mmoja au miwili, na ukumbi wa parokia upokee mizigo ya wale wasio na pa kuiweka. Saruji tuitunze ghalani hadi Julai. Mafundi wa parokia ndio watakaokwenda na kipande cha nailoni kukagua kuta, nami nitakwenda pamoja nao, kama Walawi inavyoniagiza.

Maswali yaanze na akina mama.