Uteuzi wa Magurudumu ya Msasa kwa Kazi ya Vinyago
(Hotuba iliyotolewa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Tangu Mutisya Munge aliporudi Wamunyu na ufundi wa kuchonga, baada ya vita vya 1914–1918, kazi hii imelisha nyumba nyingi za Ukambani. Tezo na kisu vingali vyatumika. Lakini katika kulainisha, vijana wengi sasa hutumia mashine izungukayo. Maadamu shauri lililo mbele yetu ni kununua vyombo kwa fedha ya chama, yatupasa kujua tunachokinunua.

Kwanza ni umbo. Silinda ngumu ya msasa yafaa mahali palipo sawa. Ikipelekwa kwenye mgongo wa twiga huacha mabonde. Penye mviringo twapendelea gurudumu la vipande vingi vya msasa, kwani hupinda na kufuata umbo la kinyago. Masikioni na vidoleni, hapana chombo kishindacho mkono.

Pili ni namba. Ianze 80 kuondoa alama za tezo, ifuate 120, kisha 240. Arukaye daraja huiona mikwaruzo mara kinyago kipakwapo nta, na mnunuzi huiona pia.

Tatu ni mti. Mpingo una mafuta. Mashine ikienda mbio, msasa huziba na mti huungua. Wataka mwendo wa taratibu. Mwarobaini ni laini zaidi, nao huliwa upesi na msasa, basi usikandamizwe.

Nne, na ndilo kubwa, ni uhai wa fundi. Kila gurudumu huandikwa mwendo wake wa juu kabisa. Mashine ya mkono ya milimita 115 yaweza kuzunguka mara 11,000 kwa dakika. Gurudumu la 4,000 likifungwa humo laweza kupasuka na kumwumiza mtu. Tena vumbi la mbao lilitajwa mwaka 1995, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, kuwa huleta saratani kwa binadamu.

Kwa hiyo twaomba mkutano ukubali ya kwamba isinunuliwe mashine hata moja pasipo miwani na barakoa zake, ijapokuwa idadi ya mashine itapungua. Mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe; mapafu ya vijana wetu hayanunuliki kwa fedha ya vinyago.